Ati Ni Umri Tu

Hadi mwaka wa 2002, mwanamke aliyetokwa na mkojo bila kutaka alihitaji ushahidi. Sitanii. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa tatizo hili, iliyoanzishwa 1971, ilikuwa na ufafanuzi wake rasmi, na ule wa 1988 ulikuja na masharti: mkojo utoke bila hiari, utokaji huo uweze kuthibitishwa na mtu mwingine, na uwe kero ya kijamii au ya usafi. Ukienda kliniki ukakohoa mbele ya daktari na tone lisitoke siku hiyo, kwa karatasi ulikuwa mzima. Mwaka wa 2002 ndipo wakaandika upya: mtu akilalamika kwamba mkojo unamtoka bila hiari, hata kidogo, hilo linatosha.

Hebu fikiria hiyo tarehe. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia Nairobi. Desemba ya mwaka huo Kibaki aliapishwa Uhuru Park. Na ndio kwanza neno la mwanamke kuhusu kibofu chake mwenyewe likaanza kukubalika bila shahidi.

Mimi si daktari. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana, lakini kusoma sikuacha. Siku hizi naishi kwa kuandika, na miezi kadhaa iliyopita nilianza kufuatilia historia hii kwa sababu ya shosh wangu. Anaishi Ol Kalou. Kwa miaka mitatu hakuja Nairobi hata mara moja, na kila tukimuuliza alisema ni makelele ya jiji. Kumbe hesabu yake ilikuwa nyingine kabisa: mathree haisimami njiani kwa ajili ya mtu mmoja. Siku ya safari alikuwa halambi hata chai tangu alfajiri. Hatimaye alijikaza, akaenda zahanati fulani akaeleza. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Cucu, ni umri tu." Akarudi nyumbani na dawa za maumivu ambayo hakuwa nayo.

Umri tu. Hilo "tu" ndilo limenifanya niandike. Umri unahusika kweli, na nitaeleza vile unavyohusika. Lakini ukisoma historia, utaona kwamba kwa karne nyingi hakuna aliyekaa chini kuchunguza umri wenyewe unafanya nini. Watu walikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa uzazi.

Tuanzie Misri. Mtu wa kale kabisa tunayemjua kwa jina aliyekuwa na jeraha la aina hii ni Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme Mentuhotep wa Pili, aliyeishi takriban mwaka wa 2050 kabla ya Kristo. Mwili wake ulikaushwa na kuhifadhiwa kwa namna ya Wamisri, na mwaka wa 1935 Douglas Derry, mtaalamu wa anatomia aliyefanya kazi Cairo, alieleza alichokikuta: nyonga nyembamba, na tundu kubwa kati ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula. Henhenit alichanika akijifungua. Miaka mia tano hivi baadaye, maandishi ya mafunjo yanayoitwa Ebers yaliorodhesha dawa za kurekebisha mkojo. Kwa hiyo shida ilijulikana, ila iliyoacha alama kwenye mifupa na miili ilikuwa ile ya mwanamke kijana aliyeumia uzazini. Bibi kizee aliyekuwa akivuja polepole hakuacha alama yoyote.

Sisi pia tuna kumbukumbu yetu, na iko kwenye lugha. Kuna neno mkaja. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kuzaa, kumshikilia mwili urudi. Katika ndoa za Waswahili, mkaja pia ni jina la zawadi anayopewa mama wa bibi arusi. Yaani wenye lugha hii walijua kwamba kuzaa kunalegeza mwili, wakaona ni haki mama alipwe kwa hilo siku binti yake anapoolewa. Naipenda sana heshima hiyo. Lakini ona: hata hapo, deni linalotambuliwa ni la uzazi. Kwa mwili unaolegea kwa miaka tu, hata kwa asiyezaa, sijui zawadi yenye jina.

Upasuaji wa kisasa nao ulianzia huko huko, na ulianza vibaya. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alifanya majaribio ya kuziba fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa. Watatu tunawajua kwa majina: Anarcha, Lucy na Betsey. Dawa ya usingizi, etha, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka wa 1846, lakini Sims hakuwapa. Anarcha, aliyekuwa msichana wa miaka kama 17 hivi yalipoanza, alipasuliwa takriban mara 30 kabla ya tundu lake kuzibika. Sims akaitwa baba wa tiba ya wanawake, akachongewa sanamu New York. Sanamu hiyo iliondolewa Central Park mwezi wa Aprili 2018.

Namtaja Sims kwa sababu fikra yake ilibaki hata baada ya mbinu zake kupitwa: mkojo ukivuja, kuna kitu kimechanika au kimehama mahali pake, kwa hiyo kishonwe. Mnamo 1914 Howard Kelly wa Marekani alieleza namna ya kukaza kwa nyuzi shingo ya kibofu. Mwaka wa 1949 Marshall, Marchetti na Krantz wakaonyesha vile ya kuinua eneo hilo na kulishona karibu na mfupa wa mbele wa nyonga. Mwaka wa 1961 John Burch akaleta njia yake. Hizi hazikuwa za fistula tena. Zilikuwa za mwanamke anayevuja akikohoa, akicheka au akinyanyua mtungi wa gesi. Na nyingi zilisaidia, tusidanganyane. Lakini maelezo yalikuwa yale yale: amezaa, vitu vimeshuka, tuvipandishe.

Kisha wakaulizwa masista.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Huko Rochester, jimbo la New York, daktari Gunhilde Buchsbaum na wenzake walijiuliza swali ambalo ungedhani mtu angelifikiria zamani: je, wanawake ambao hawajawahi kuzaa wanavuja? Wakaenda kwa watawa wa Kikatoliki. Utafiti ulichapishwa 2002, mwaka ule ule wa ufafanuzi mpya. Watawa 149 walijibu, wengi wao wakiwa na umri wa miaka sitini na kitu kwenda juu. Karibu nusu yao walisema ndiyo, mkojo unawatoka.

Nusu. Wanawake ambao leba wanaisikia tu kwa watu.

Mwaka wa 2005 timu hiyo hiyo ikaja na utafiti mwingine: ndugu wawili wa kike waliokwisha koma hedhi, mmoja amezaa, mwingine hajazaa. Kwa waliozaa, karibu asilimia 50 walikuwa na tatizo. Kwa dada zao wasiozaa, karibu asilimia 48. Tofauti hiyo ni kama hakuna.

Sasa, usiondoke hapa ukasema uzazi haudhuru. Utafiti mkubwa wa Norwe uliochapishwa 2003, wa wanawake zaidi ya 15,000 walio chini ya miaka 65, ulikuta tatizo kwa asilimia 10 ya wasiozaa, asilimia 16 ya waliozaa kwa upasuaji, na asilimia 21 ya waliozaa kwa njia ya kawaida. Uzazi una mchango wake. Ila miaka ikisonga, wasiozaa wanawafikia waliozaa. Kuna kitu kingine kinachofanya kazi kimyakimya, na hakibagui.

Ili kukielewa, lazima nikueleze kidogo juu ya mrija wa mkojo. Wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 hivi. Usiufikirie kama bomba la plastiki. Una tabaka. Ndani kabisa kuna utando laini wenye mishipa mingi ya damu, na damu hiyo huuvimbisha kama mto wa kulalia, hivyo kuta zake zinakutana na kujifunga. Kisha kuna misuli isiyo ya hiari, inayobana bila wewe kuiambia. Nje yake kuna misuli ya hiari, ile unayoikaza ukiwa kwenye foleni ya choo pale stendi na aliye mbele yako hatoki. Ili usivuje, shinikizo la kuufunga mrija lazima lizidi shinikizo la ndani ya kibofu, hata pale unapopiga chafya.

Mtu aliyetumia maisha yake kuuchunguza mrija huu ni John DeLancey wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka wa 1994 aliandika kwamba mrija umelazwa juu ya tishu zinazoushikilia kama machela. Ukikanyaga mpira wa maji ulio juu ya saruji, maji hukatika. Ukiukanyaga ukiwa juu ya tope, unazama tu na maji yanaendelea. Hapo bado tuko kwenye nadharia ya mahali, ya kitu kushikiliwa. Lakini yeye mwenyewe na wenzake waliendelea kupima, na vipimo vikawapeleka kwingine.

Kwanza walihesabu nyuzi. Katika miili ya wanawake waliofariki wakiwa na umri tofauti, waliangalia misuli ya hiari ya mrija, na upande wa mbele wakakuta nyuzi zinapungua kwa takriban asilimia 2 kila mwaka. Halafu mwaka wa 2007 wakachapisha vipimo vya wanawake 82 walio hai, wenye umri wa miaka 21 hadi 70, ambao hawajawahi kuzaa. Machela ilikuwa sawa kwa wadogo na wakubwa. Misuli ya sakafu ya nyonga nayo haikuonyesha tofauti ya maana. Kilichoshuka ni nguvu ya mrija kujifunga: kwa kila miaka 10 ya tofauti ya umri, shinikizo lilikuwa chini kwa kama sentimita 15 za maji. Sentimita 15 ni nusu ya rula ya shule. Na mwaka wa 2008, walipowalinganisha wanawake wanaovuja wakikohoa na wasiovuja, kilichowatenganisha zaidi kuliko kipimo kingine chochote kilikuwa hicho hicho. Nguvu ya mrija ya wanaovuja ilikuwa chini kwa asilimia 42.

Soma tena ule umri wa kuanzia. Miaka 21. Mimi nina 26. Huku kupungua hakusubiri nywele ziwe nyeupe. Kunaanza tukiwa bado tunaruka kamba gym na kucheka hadi machozi, ila tuna akiba, na akiba haipigi kelele inapoliwa. Anayefika sitini akaanza kuvuja hakuanza mwaka huo. Amemaliza akiba.

Hedhi ikikoma, jambo la pili linajiunga. Estrojeni hushuka. Mrija na sehemu ya chini ya kibofu vina vipokezi vya homoni hiyo, kwa hiyo ikipungua, ule utando wa ndani hupungua unene, mto unapoteza damu, na bakteria wazuri wa ukeni hupungua, wale wa maambukizi wakapata njia. Madaktari waliliona hilo zamani, na wakafanya kilichoonekana cha busara: kama homoni imepungua, mpe vidonge vya homoni. Walifanya hivyo kwa miongo. Kisha mwaka wa 2005 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililokuwa na wanawake 27,347 wa miaka 50 hadi 79. Vidonge havikuzuia mkojo kuvuja. Waliokuwa wakavu, wengi zaidi walianza kuvuja. Waliokuwa wakivuja, hali ilizidi.

Lakini krimu ya homoni inayopakwa ukeni ni habari tofauti. Mwaka wa 1993 Raúl Raz na Walter Stamm walikuwa wameonyesha kwamba kwa wanawake waliokoma hedhi na kusumbuliwa na maambukizi ya mkojo kila mara, krimu hiyo iliyashusha kutoka karibu mara sita kwa mwaka hadi nusu. Namaanisha nusu ya mara moja. Homoni ile ile, njia tofauti, matokeo tofauti. Hayo hutayajua kama ulishaamua ni umri tu.

Na kibofu chenyewe je? Nacho huzeeka, kwa namna ya ajabu kidogo. Uwezo wake wa kubeba hupungua, na misuli yake huanza kujikaza bila kuagizwa, ndiyo maana mtu anabanwa ghafla na hafiki mlangoni. Wakati huo huo nguvu ya kusukuma hushuka, mkojo ukabaki ndani. Mwaka wa 1987 Neil Resnick na Subbarao Yalla waliwaeleza wazee wenye yote mawili kwa pamoja: kibofu chenye haraka lakini kisicho na nguvu. Ongeza kwamba uzeeni figo hutengeneza sehemu kubwa zaidi ya mkojo usiku kuliko zilivyofanya ujanani, na utaelewa kwa nini shosh anaamka mara nne. Choo chake kiko nje, ngazi tatu na kiza. Mtu akianguka hapo akavunjika nyonga, kwenye mazishi tutasema ni uzee.

Wengi kama yeye hujitibu kwa kuacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito, unawasha kibofu, kibofu kinazidi kukurupuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakutaja wale wanaofichuliwa na kiu.

Kwa hiyo kuna nini cha kufanya? Jibu la kwanza lina zaidi ya miaka themanini, na mwenye sifa zake siye aliyelianza. Mwaka wa 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alichapisha kazi yake kuhusu mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, pamoja na kifaa cha kupima mkazo. Hadi leo mazoezi yanaitwa kwa jina lake. Lakini mwaka wa 1936 Margaret Morris, mchezaji dansi wa Uingereza aliyesomea pia tiba ya viungo, alikuwa ameshatoa kitabu cha mazoezi ya akina mama waliojifungua na waliopasuliwa, na kukaza misuli hiyo kulikuwemo. Mchezaji dansi aliujua mwili kutoka ndani. Jina likabaki la daktari.

Na yanafanya kazi. Mapitio ya Cochrane ya 2018 yalijumlisha majaribio mengi: kwa wanaovuja wakikohoa au wakinyanyua kitu, waliofanya mazoezi walisema wamepona 56 kati ya 100. Wasiofanya, 6 kati ya 100. Unakaza kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, unashikilia, unaachia, unarudia, kila siku, kwa miezi. Wengi hukosea wakasukuma badala ya kukaza, kwa hiyo ni vyema kuonyeshwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Nyuzi zilizopotea hazirudi, lakini zilizobaki na majirani zake huweza kufundishwa kubeba mzigo.

Upasuaji nao upo, na nao una historia ya kutosikilizwa. Miaka ya tisini Ulf Ulmsten na Peter Petros walileta ukanda mwembamba wa neti ya plastiki unaowekwa chini ya mrija. Uliwasaidia wengi sana. Wengine neti iliwakata kwa ndani, wakaishi na maumivu, wakalalamika kwa miaka na kuambiwa ni kawaida. Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwezi wa Julai 2018, na ripoti ya Julai 2020 iliyoongozwa na Julia Cumberlege ikasema wazi kwamba wanawake hao walipuuzwa. Tone au maumivu, mlalamikaji ni yule yule.

Hapa Kenya, Juni 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma. Kila mwaka tarehe 23 Mei dunia huadhimisha siku ya kukomesha fistula, na kambi za upasuaji wa bure zimewarudishia wengi maisha. Vizuri sana. Lakini ukiangalia, mwili wa mwanamke unahesabiwa ukiwa unazaa. Akimaliza kuzaa, au kama hakuwahi kuzaa, anaingia kwenye foleni moja na watu wote, na mwisho wa foleni kuna mtu amechoka anayemwambia ni umri tu.

Basi ukimpeleka shosh au mathe wako hospitali, usikubali mkutano uishie hapo. Kuna maswali manne yenye majibu. Mkojo unatoka akikohoa, au akibanwa ghafla, au vyote viwili? Kibofu kinaisha kabisa, au kuna mkojo unabaki? Wamempima maambukizi? Na ni nani katika hospitali hii anayefundisha mazoezi ya sakafu ya nyonga? Kila jibu lina njia yake. Hata umri, ukiulizwa vizuri, una cha kueleza.